Alhamisi Kumi na Mbili za Kuzoea Samaki

Siku ile Tshilumba alipokula maharage ya ubatizo, mdomo wake wa chini ulivimba mpaka mtu angeweza kuweka sahani juu yake isianguke. Ndivyo ilivyosimuliwa Kamina nzima, na kila aliyesimulia aliongeza chake. Wa kwanza alitaja mdomo. Wa pili akaongeza masikio. Kufikia Jumatatu, dereva mmoja wa gari la moshi alikuwa anaapa kwamba alifunga breki kilomita nzima kabla ya stesheni kwa kuudhania uso wa Tshilumba kuwa taa nyekundu.

Mianda, mke wa Tshilumba, hakucheka. Yeye alikuwapo. Alikipakata kichwa cha mumewe mapajani, akasikia pumzi inavyopita kooni kama filimbi iliyoingia maji, akajua kwamba filimbi hiyo ikinyamaza, yeye ni mjane.

Haikunyamaza. Émile, infirmier, yaani muuguzi wa dispensari, alikuja mbio na sindano yake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akamchoma Tshilumba paja, na kabla jua halijatua mgonjwa alikuwa amerudi kwenye ukubwa wake wa kawaida, ambao si mkubwa sana.

Sasa liko jambo moja la kushika vizuri, maana habari hii yote itarudi hapo. Katika maharage yale hamkuwa na samaki hata mmoja. Mama aliyekuwa jikoni alikoroga chungu cha samaki kwa upawa, kisha akapakua maharage kwa upawa uleule. Basi. Tshilumba hakuona samaki, hakunusa samaki, hakuambiwa samaki. Alikuwa anayasifu maharage.

Mianda alikuwa mtu wa Mulongo, kule ambako mto Lualaba unajimwaga kwenye mabwawa na watu wanaota meno kwa kuguguna kichwa cha kambale. Alipoolewa na huyu karani wa reli aliyetoka Kasai, wiki ya pili tu alikitupa chungu chake cha samaki. Miaka kumi na mmoja hakugusa samaki. Hata kwa jirani hakula, maana harufu inakaa kwenye vidole, na vidole ndivyo vinavyokanda bukari, ule ugali wa mume. Siku ambazo behewa la samaki wakavu lilifika kutoka Bukama, Mianda alikuwa na kawaida ya kukumbuka ghafla kwamba chumvi imekwisha. Alipita kando ya reli polepole kama mtu anayesindikiza maiti, akavuta pumzi ndefu tatu, akarudi nyumbani bila chumvi.

Basi mwaka ule, wakati reli mpya ya kwenda Kabongo ilikuwa inatandikwa, Tshilumba akapata barua. Amepandishwa. Amekuwa mkubwa wa hangari ya mizigo. Wapi? Bukama! Mahali ambapo mashua zinashusha samaki asubuhi, mchana na jioni. Ambapo hata karatasi za ofisi, ukizichemsha, unapata mchuzi.

Mianda alisoma barua ile usoni mwa mumewe, kwa kuwa kusoma karatasi hakujua. Aliona furaha, halafu akaona jambo jingine lililofichwa nyuma ya furaha. Alilitoa pale walipokuwa wanakula chakula cha mchana.

"Baba Augustine," alisema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa aliyekuwa bweni kwa masista. "Iko kitu unatafuna, na haiko bukari."

Tshilumba akameza. "Nimejiandikisha."

"Wapi? Kwa basoda, bale ba bunduki?"

"Kwa Stanislas. Alhamisi hii njo ninaanza."

Mianda akaweka tonge chini. Stanislas Kitenge alijulikana. Miaka kumi na miwili alizunguka vijiji vya Kabongo nyuma ya madaktari wa chanjo, akibeba sanduku na kuosha zile nyembe za kuchanjia. Halafu akaacha kazi, au kazi ikamwacha, kila mtu alikuwa na lake. Sasa alikuwa na ua karibu na soko, mabenchi manne, na kitu alichokiita programu. Unakwenda Alhamisi kumi na mbili. Ya kwanza anakupa unga wa samaki wa kukaa kwenye kichwa cha pini, ndani ya uji. Ya pili vichwa viwili vya pini. Ya tatu vinne. Hivyo hivyo mpaka Alhamisi ya kumi na mbili, ambapo unakaa kwenye kiti mbele ya watu na kula kambale mzima, kichwa na mkia.

"Ule muntu alikuwa anabeba sanduku ya sindano," Mianda alisema. "Minyi nabeba maji kila siku. Niko mvua?"

"Bantu saba balipona, Mama Augustine. Saba! Noé fundi matofali, nilimuona na macho yangu, alikula samaki mpaka nikaogopea sahani."

"Na kama koo inafunga?"

"Stanislas anasema iko na namna ya kufungua."

"Namna gani?"

"Hakusema."

"Njo vile! Ya kufunga anaisema, ya kufungua hasemi."

Tshilumba alinawa mikono ingawa hajamaliza kula. Sauti yake ikashuka. "Baba yako alikufa mbele sijakula kwake hata siku moja. Miaka yote ile niliingia kwake na chungu yangu ndogo. Alikuwa anaiangalia, ananyamaza. Weye unajua alikuwa anawaza nini."

Mianda alijua. Kule Mulongo, mkwe anayekuja na chakula chake mwenyewe amekwisha kusema, bila kufungua kinywa, kwamba nyumba hii ina watu wa sumu. Alikuwa amewaeleza wazazi wake mara mia. Walitikisa vichwa kwa heshima, na hawakuamini. Nani amewahi kusikia samaki anaua mtu? Mtu anauawa na mtu.

"Mama yako angali muzima," Tshilumba alisema. "Na Bukama iko karibu na kwenu. Nataka nikae chini mbele yake, nikule."

Ombi hilo lilikuwa la haki. Ubaya zaidi, alipowaza hayo alihisi mate yanamjaa kinywani. Chungu cha samaki nyumbani kwake mwenyewe! Akameza, akaona haya, na tangu dakika ile akaanza kumshuku Stanislas mara mbili: mara moja kwa ajili ya mumewe, na mara moja kwa sababu yeye mwenyewe alitamani sana iwe kweli.

Jumatatu akaenda kwenye ule ua.

Stanislas alimkaribisha kwa adabu. Alivaa koti jeupe lililofuliwa mpaka ungeweza kusoma gazeti kupitia kwalo, na kalamu mfukoni isiyo na wino. Alimpangusia benchi.

"Mama, mwili iko sawa na mukubwa wa kazi," alieleza. "Ukimuletea mambo yote siku moja, anakasirika, anatupa meza. Ukimuletea kidogo-kidogo, anazoea. Chanjo ya ndui iko vilevile. Kidogo, mwili inajifunza."

"Daktari gani alikufundisha?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe."

Mianda hakulipenda jibu hilo. Mwongo angemtajia jina la daktari, na mji wa Ulaya, na ndevu za huyo daktari. Huyu alimtazama machoni kama mtu anayekuambia ni saa ngapi.

"Naomba nione ile unga."

Stanislas akaleta chupa, akaifungua. Mianda akaikaribia, na moyoni alikuwa anamwomba Mungu ombi la ajabu: Bwana, fanya iwe unga wa mihogo. Huyu awe tapeli. Kama ni tapeli, Tshilumba atakula uji wa bure Alhamisi kumi na mbili na kurudi nyumbani ameshiba.

Akavuta pumzi. Kambale. Kambale wa mabwawa, aliyekaushwa kwa moshi siku tatu, akageuzwa mara moja tu kwa uvivu. Kama angevuta tena angeweza kutaja kijiji.

Akashika njia ya nyumbani. Mtu ni mkweli, dawa ni ya kweli, na Alhamisi inakuja.

Njiani akapita kwa Émile kwenye dispensari. "Tata Émile, ile programu inaponya?"

Émile alikuwa anahesabu bandeji. "Sijue, mama. Mu vitabu vyangu haimo. Lakini mambo mingi haimo mu vitabu vyangu."

"Weye ungemupa mutoto yako?"

"Minyi?" Émile akaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo. "Watoto yangu banakula samaki bila shida."

Ndiyo sababu Jumanne Mianda alikwenda kuwatafuta waliopona. Alimkuta Noé juu ya ukuta, akipanga matofali na kuimba. Noé alikuwa mtu mnene wa furaha ambaye angekusimulia kuzaliwa kwake kana kwamba alikaa pembeni akiangalia.

"Samaki, mama? Ilikuwa inanimaliza! Nikiiona tu kwa sahani, mbele hata ifike kwa kinywa, tumbo inageuka, nguo ya ndani yote inakuwa jasho. Siku moja nilitapika kwa sababu ya picha."

"Ilikuanza lini?"

"Kwetu njo vile wote. Kambale iko kizila yetu." Akashuka ukutani ili aeleze vizuri. Kizila, yaani katazo la ukoo, Mianda hakuhitaji kuelezwa, kila familia inalo lake; lakini Noé alieleza tu. Babu yake alikimbia vita, akafika Lualaba bila mtumbwi, kambale mkubwa kama behewa la makaa akamwambia panda. Akapanda. Katikati ya mto kambale akaomba tumbaku. Babu akampa. "Njo walipatana: sisi hatumukule, yeye hatuzamishe. Nani anakula, ngozi yake inatoka kama ya ndizi."

"Na tumbaku, iliwaka namna gani mu maji?"

"Ah, mama, weye unauliza kama polisi."

Mianda alicheka, na alipokuwa anacheka ndipo swali lilipomjia. Alikumbuka upawa. Alikumbuka Tshilumba akiyasifu maharage.

"Noé. Weye ulishakula samaki bila kujua?"

Fundi akakuna kichwa kwa mwiko wa matofali. "Mara moja. Kwa matanga ya shemeji. Balinipa sombe, majani ya mihogo. Kumbe muko samaki ya kusaga."

"Ulitapika?"

"Kabisa! Mpaka balinibeba."

"Ulitapika saa gani? Mbele ya kukuambia, ao nyuma?"

"Nyuma. Mutoto wa shemeji njo alisema, 'Tata Noé, leo unakula kambale!' Hapohapo nikaanguka."

"Na mbele ya kukuambia?"

Noé akafikiri kwa uaminifu wote. "Mbele ya kuniambia," alisema, "niliomba waongeze."

Mianda alishika ukuta ule uliokuwa bado na udongo mbichi. Kutoka pale alikwenda karibu mbio kwa Mama Mulanga muuza mikate, aliyepona Pasaka. Mama Mulanga alirithi jina la bibi yake, na pamoja na jina akarithi katazo. Samaki akimgusa, alisema, mgongo wote unaota vipele.

"Na ukimula bila kujua, mama?"

"Nilimula kwa dada yangu, Jumapili. Alinificha, ule mubaya. Aliniambia kweli Jumatano."

"Vipele vilitoka lini?"

"Jumatano, mwanangu. Jumatano jioni. Vikubwa kama njugu!"

Siku ile na iliyofuata Mianda alipata watano kati ya saba. Wote walikuwa na babu, au jina, au ndoto ya mama mjamzito. Wote waliumwa kweli, hakuna aliyedanganya. Mtu anayetapika mpaka kubebwa hatanii. Na wote Stanislas aliwaponya kweli, kwa kichwa cha pini, kidogo-kidogo, mpaka hofu ikachoka. Lakini kila mmoja, samaki alimwingilia kwa sikio au kwa jicho. Hakuna hata mmoja aliyeingiliwa kwa upawa.

Jumatano jioni akamweleza mumewe yote. Tshilumba alisikiliza akiwa amesimama, na mkewe alipomaliza akawa mwekundu hata bila samaki.

"Kwa hiyo bale wote balikuwa na wazimu ndogo, na minyi peke yangu njo mugonjwa ya kweli?"

"Njo vile."

"Labda minyi pia niko na kizila, na sijue! Labda kule Kasai, mutu alisahau kuniambia."

"Baba yako alikuwa anakula samaki?"

"Alikuwa anakula, analamba bidole."

"Na baba yake?"

Tshilumba akakaa chini. "Njo alimufundisha kulamba."

Wangecheka siku nyingine. Tshilumba akavua saa yake, akaivaa tena. "Weye hutaki Bukama. Unataka nikae hapa karani mudogo mpaka meno inaanguka. Kesho nakwenda."

"Unakwenda," Mianda alisema. "Na minyi nakwenda."

Alhamisi saa nne ua wa Stanislas ulikuwa umejaa. Wanne walikuwa wapya, kwenye benchi la mbele. Waliobaki walikuja kuangalia, kwa sababu ilikuwa pia siku ya mtu mmoja kula kambale wake wa Alhamisi ya kumi na mbili, na kambale alikuwa tayari kwenye sinia, mkavu, mweusi, amejikunja kama mkono unaoita. Mianda alijitahidi asimtazame. Noé alikuwapo, amevaa koti la Jumapili, maana Stanislas alimwalika awatie moyo wapya. Na kwenye kona, amekasirika kama paka aliyenyeshewa, alikaa Émile infirmier na kisanduku chake magotini. Mianda alikuwa amemkalia mlangoni tangu alfajiri mpaka akakubali.

Stanislas akachota unga wa kichwa cha pini kwa ncha ya kisu, akaukoroga kwenye kikombe cha uji, akampelekea Tshilumba. Tshilumba alikishika kwa mikono miwili. Mianda akasimama.

"Tata Stanislas," alisema kwa sauti ya kufika sokoni. "Mbele ya kinywa, tuulize mukono."

Watu wakageuka. "Ehee, Mama Daktari!" mmoja akapiga kelele. "Koti yake iko wapi?"

"Weye ulibeba nyembe ya chanjo miaka kumi na mbili," Mianda aliendelea. "Mukwaruze mume yangu mara moja kwa kila mukono. Mukwaruzo moja tutie unga ya samaki, ingine unga ya mihogo. Na Noé vilevile. Bageuze vichwa, basione. Na weye pia ugeuke. Minyi njo nitatia."

"Programu yangu haina mambo ya mikono," Stanislas alisema.

"Unasema mwili inazoea. Mukono iko mwili ya nani? Ya jirani?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Stanislas alitazama chupa, akamtazama Tshilumba. Ikaonekana usoni mwake kitu ambacho Mianda hakukitegemea: tamaa ya kujua, tamaa ya mtu aliyebeba sanduku miaka yote ile na kuambiwa kila mara asimame mlangoni. Akaenda ndani, akarudi na wembe, akaupitisha kwenye moto wa mshumaa.

Akawakwaruza wote wawili, mkono wa kushoto na wa kulia, kidogo tu, kama ndui. Kisha akageuka ukutani. Tshilumba akageuka, amefumba macho. Noé akageuka na kuanza kuomba kwa Kiluba. Mianda akatia unga kwa vijiti viwili tofauti, na hakuna aliyejua wapi ni wapi isipokuwa yeye, na Mungu, na Émile aliyenyoosha shingo.

Wakangoja. Kuku mmoja alipita, na watu waliokuwapo wanasema hata kuku alikwenda kwa ncha za vidole.

"Njo hii!" Noé akapiga yowe. "Ya kushoto! Inawaka, jamani, imefika kwa bega! Kambale, ninamujua! Ningali na yeye!" Akajikuna mpaka kifungo cha koti kikaruka.

"Ya kushoto iko mihogo, Noé," Mianda akasema.

Noé akaacha kujikuna. Akautazama mkono. "Kweli?" akauliza. Mkono wa kulia, ule wenye samaki, ulikuwa umelala safi, kamstari kembamba tu kama wino.

"Na weye, Baba Augustine?"

"Minyi sisikii kitu," Tshilumba alisema, macho bado yamefumbwa, na sauti yake ilianza kuinuka kwa furaha. "Hata kidogo! Kushoto inawasha kidogo, labda. Nilikuambia, Mama Augustine, minyi nime…"

Hakuna aliyemjibu. Akafumbua macho.

Kwenye mkono wake wa kulia, mahali pa mkwaruzo, palikuwa pameinuka uvimbe wa ukubwa wa yai la njiwa. Wengine leo wanasema la bata, na mimi sitagombana nao. Ulikuwa mweupe katikati na mwekundu pembeni, na wekundu ule ulikuwa unatembea, ukipanda kuelekea kiwiko mbele ya macho ya watu, bila haraka, kama mtu anayejua njia. Émile alikuwa amekwisha simama na sindano. Aliufunga mkono kwa kitambaa juu ya kiwiko, akapangusa ule unga kwa maji na sabuni, akabaki ameshika kifundo cha mkono wa Tshilumba, akisikiliza damu.

Tshilumba aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Halafu akakitazama kile kikombe cha uji kilichokuwa kwenye benchi kando yake. Ndani mlikuwa na unga mwingi kuliko ule wa kwenye kijiti.

"Na hii ingepita kwa koo," alisema polepole.

Stanislas ndiye aliyekichukua kile kikombe. Mianda alimkazia macho, akingoja aseme ni bahati mbaya, ni uchawi, ni mwanamke huyu na vijiti vyake. Stanislas alikwenda mpaka ukingoni mwa ua, akamwaga uji, kuku wakauvamia. Kisha akarudi, akasimama mbele ya wale watatu wapya waliobaki kwenye benchi, na koti lake lile la kuonyesha upande wa pili likapanda na kushuka.

"Nani kati yenu alishaumwa mbele ya kujua amekula?" akauliza. "Museme kweli. Siku moja tu inatosha."

Wanaume wawili wakatikisa vichwa. Msichana mmoja wa pembeni, aliyekuja kwa ajili ya mayai na si samaki, akainua mkono hadi kifuani, akaushusha, akauinua tena.

"Weye rudi nyumbani, mwanangu," Stanislas akasema. "Usile mayai. Ni hivyo tu. Usile."

Hata hapo Mianda hakumwamini. Alimwona amejifunza, lakini mtu aliyejifunza Alhamisi anaweza kusahau Ijumaa, na kesho yake asubuhi, nitakuambia tu, alikwenda kupita nje ya ule ua kuhakikisha kwamba swali linaulizwa. Lilikuwa linaulizwa. Wiki iliyofuata alipita tena.

Uvimbe ulishuka baada ya saa moja. Tshilumba akateremsha mkono wa shati, akafunga kifungo.

"Nitaandika barua," alisema. "Banatafuta makarani kwa stesheni mpya ya Kabongo."

"Kabongo kuko nini?"

"Mahindi. Mihogo. Machifu ya zamani." Akafikiri. "Hangari iko ndogo. Cheo pia, nafikiri."

"Batakubali?"

"Sijue. Kama hapana, nabaki hapa karani mudogo mpaka meno inaanguka."

Mianda alitaka kumshika bega, akauzuia mkono wake. Vidole vyake vilikuwa na unga. "Mbele ya kwenda popote, tunakwenda Mulongo," alisema. "Unabeba chungu yako kama kawaida. Lakini minyi nitakaa mbele ya mama yangu na wembe na samaki ya kwake mwenyewe, ile ametoa mu moshi na mikono yake, na Émile atakuja…"

"Minyi nani alisema nakuja?" Émile akauliza.

"…na ataona mukono yako inavimba. Ataona haiko yeye, haiko mutu. Iko mukono tu."

Tshilumba akamtazama kwa hofu kidogo, kisha akaanza kutabasamu. "Atakulisha weye na minyi nitaangalia?"

"Njo vile."

Watu wakaanza kutawanyika, wakibishana kama yai lilikuwa la njiwa au la kuku. Yule mtu wa Alhamisi ya kumi na mbili alikuwa amekwisha kwenda zake bila kula. Alisema kwa leo hana moyo. Sinia ilibaki kwenye kiti. Stanislas akaona jicho la Mianda lilikoangukia, maana sasa lilikuwa limechoka kujizuia. Akamchukua kambale kwa jani la mgomba, akampa Mianda.

"Baba Augustine," Mianda akasema. "Tangulia."

"Kwa nini?"

"Tangulia tu. Hatua kumi. Na leo minyi nalala kwa Mama Mulanga, kesho nitaoga na majivu na ndimu mbele niingie kwa nyumba."

Wakaingia barabara ya kwenda kwa watu wa reli, karani mbele na shati limefungwa mpaka shingoni, mkewe nyuma. Hatua kumi alizihesabu, akaongeza mbili kwa ajili ya upepo. Akavunja kichwa cha kambale kwa meno.

"Mama Augustine," sauti ikatoka mbele. "Iko muzuri?"

Ilibidi ameze kwanza.

"Tembea," alisema. "Na usigeuke."